MALEZI NA NESI, SEHEMU YA 14: Mwenye maneno asimalize mchezo peke yake

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungeongea habari ya mtoto anayekataa uji. Naomba mnisamehe, uji utasubiri. Kuna jambo limenikaa tangu likizo ya mwezi wa sita, na jana nimetoka zamu ya usiku bado nalifikiria, kwa hiyo acheni nilitoe. Linahusu mchezo. Msinicheke.

Mnaonifuata toka sehemu ya kwanza mnajua kwamba nyumbani kwangu hapa Morotonga kuna watoto watatu. Mkubwa wangu ana miaka 12. Binti ana 9. Halafu yuko mtoto wa dada yangu, ana 11, alikuja kukaa na sisi mwaka jana dada alipopata kazi mbali. Mkubwa anapenda kusoma mno, hata karatasi iliyofungia maandazi anaisoma kwanza ndo anakula. Mtoto wa dada kusoma kunampa shida, herufi zinamchanganya, tunalifanyia kazi. Lakini mpe mbuzi ishirini awapeleke machungani, atarudi na ishirini, na atakuambia yupi kaanza kuchechemea na yupi ana mimba kabla mwenye mbuzi hajajua.

Sasa mdogo wangu wa kiume, yule anayefanya kazi za kompyuta Mwanza, alikuja Krismasi na karatasi alizochapisha. Kanuni za mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa Marekani, ulitoka mwaka 1974, waliuandika Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake za msingi zinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza, na mdogo wangu alikaa siku mbili akitutafsiria tukiwa tunachambua dagaa.

Kwa ambaye hajawahi kuusikia, uko hivi. Mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anakuwa mtu mmoja ndani ya hadithi. Msimulizi anasema: mmefika kwenye geti, limefungwa, ndani kuna mbwa. Kila mtoto anasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa la kubahatisha, mnarusha dadu, ikitoka namba kubwa umefaulu. Wao wanatumia dadu yenye pande 20. Sisi tuna ile ya ludo tu, kwa hiyo tulikata vikaratasi 20, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kopo la maziwa. Anayejaribu jambo anachomoa. Ikiwa 11 kwenda juu, amefaulu. Watu wetu ni vizibo vya soda. Hakuna bodi, hakuna skrini, na taa ya sola inatosha.

Jamani, ulivyowashika! Umeme ukikatika zamani nyumba nzima ilikuwa malalamiko. Sasa ukikatika wanakimbilia kopo.

Kila mtu kwenye hadithi ana kazi yake. Kuna mpiganaji, mwenye upanga na ngao. Kuna mnyatiaji, anayefungua kufuli na kupita pasipopitika. Na kuna yule ambaye Kiingereza chake ningekitafsiri moja kwa moja mngenifukuza kanisani: mtu anayetamka maneno na mambo yanatokea. Moto unawaka, mlango unafunguka, mtu anapaa. Sisi tulimwita Mwenye Maneno, na nitaeleza baadaye kwa nini hatukumwita jina lile jingine.

Mkubwa alichukua Mwenye Maneno siku ya kwanza, kabla hata mjomba hajamaliza kueleza. Ilieleweka. Maneno yako kwenye karatasi, yako mengi, inabidi uyasome na uyakumbuke. Binti akawa mnyatiaji. Mtoto wa dada akasema mpiganaji, kwa sababu mpiganaji hahitaji kusoma chochote. Anapiga.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya tatu nikaanza kuona kitu.

Siku hiyo hadithi iliwafikisha Mto Mara, maji yamejaa, mamba wapo. Nilikuwa nimeiandaa toka wodini, nikijua itawachukua jioni nzima. Nikasimulia vizuri kabisa, maji ya rangi ya chai, magogo yanayoelea ambayo huenda siyo magogo. Mtoto wa dada akakaa sawa, akavuta pumzi aseme. Kabla hajasema Mkubwa akatamka: "Neno la kupaa. Tumeshavuka."

Tumeshavuka! Mto wangu wote uliisha kwa sekunde tano. Wakafika kwenye geti. "Neno la kufungua. Limefunguka." Binti akasema, "Lakini mimi ndiye wa kufuli." Mkubwa akamwambia, si kwa ubaya, "Wewe unaweza ukachomoa namba ndogo ukashindwa. Mimi sishindwi."

Na alikuwa sahihi, na hapo ndipo shida ilipo. Binti akitaka kufungua kufuli lazima achomoe karatasi, na mara kumi katika ishirini atashindwa. Mpiganaji naye vilevile. Neno halichomoi, linatokea tu. Mtoto mmoja anajaribu, mwingine ameshafanya.

Kesho yake nilichukua daftari la kliniki lililokwisha, nikawa naweka alama kila mtoto alipofanya jambo lililosogeza hadithi mbele. Jioni moja: Mkubwa 17, binti 6, mtoto wa dada 2. Na katika hizo mbili, moja ilikuwa kubeba mizigo.

Wiki iliyofuata akaanza kuchelewa kurudi machungani. Namwita, "Njoo tuanze." "Anzeni tu Mama mdogo, nafunga mbuzi." Mbuzi gani wanaofungwa saa nzima?

Mnaweza kuniambia nesi, huo ni mchezo tu, achana nao. Mimi nimekaa wodi ya watoto miaka kadhaa. Nimeona mtoto anayejua kwamba hatakiwi mahali anavyokaa. Hagombi, halii, anajifanya ana kazi nyingine. Huyu wangu shuleni tayari ni wa mwisho kila anaposimamishwa kusoma. Nyumbani nilimpa mchezo ambao nao unamfanya wa mwisho, na nikakaa juu ya kigoda nikiusimamia mimi mwenyewe.

Basi nikaingilia. Na niliharibu mara mbili, sikilizeni msije mkarudia.

Mara ya kwanza nilimpunguzia Mkubwa maneno. Alikuwa anatumia matano kwa siku ya hadithi, nikasema kuanzia leo ni mawili. Katikati ya mchezo, hivyo tu. Alininunia siku tatu. Kisha akaniambia nikiwa nakuna nazi, "Mama, nimekosea nini? Nimesoma karatasi zote." Na kweli hakuwa amekosea. Kosa lake ni kuwa hodari kwenye kazi aliyopewa. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kusoma, mimi ambaye kila Jumapili nawahimiza nyie msome na watoto! Nikarudisha maneno matano, nikamwomba msamaha.

Mara ya pili nikaenda upande wa pili. Nikampa mtoto wa dada upanga. Upanga wa ajabu, uliotoka pangoni, ukigusa adui kaanguka, hakuna kuchomoa. Nikajisifu moyoni, sasa wamelingana. Akautumia mara moja. Adui akaanguka. Akaniangalia akasema polepole, "Mama mdogo, umenipa ili nishinde."

Watoto wa huku kwetu Mara mnawajua. Mtoto wa kiume wa Kikurya huwezi kumpa ushindi mkononi kama pipi. Aliurudisha ule upanga. Kwenye hadithi alisema ameutupa mtoni. Akaenda kufunga mbuzi.

Hapo ndipo nilipompigia mjomba wao Mwanza. Akacheka sana. Akaniambia, dada, hilo unalohangaika nalo wenye mchezo wamegombana nalo karibu miaka hamsini. Aliyonieleza nilivutiwa nayo, nawaelezea kwa kifupi.

Mwanzoni kabisa, 1974, yule mtu wa maneno alianza na neno moja tu kwa siku. Moja! Akishalitumia limefutika kichwani mpaka alale ajifunze upya. Wazo hilo walilichukua kwenye hadithi za mwandishi wa Marekani, Jack Vance. Hakuruhusiwa kuvaa vazi la chuma, silaha yake kisu tu. Kwa hiyo mwanzoni wenzake ndio waliomlinda, kama mnavyolinda kifaranga. Lakini akikua ngazi kwa ngazi anawaacha mbali. Mpiganaji anaongezewa kidogo kidogo. Mwenye maneno anaongezewa maneno mengi zaidi, na kila neno jipya ni kubwa kuliko la zamani, yaani vinazidishana. Katika kanuni za sasa wote wakifika ngazi ya tano, mpiganaji anapata kupiga mara mbili badala ya moja. Mwenzake siku hiyo hiyo anapata neno la mpira wa moto: dadu nane zinajumlishwa, wastani ni 28, na siyo kwa adui mmoja, ni kwa kila aliyesimama ndani ya mita sita hivi.

Toleo la mwaka 2000 lilimpa nguvu mno, watu wakalalamika. Toleo la 2008 wakasema basi, kila mtu apewe uwezo wa aina moja: huu wa kila mara, huu mara moja kwa pambano, huu mara moja kwa siku. Mpiganaji kama mwenye maneno. Walilingana kweli, na watu wengi wakalalamika tena kwamba sasa wote wanafanana. Mimi ninawaelewa waliolalamika. Ukimvalisha kila mtoto shati moja huwezi kusema umemjua kila mtoto. Toleo la 2014, hilo ndilo la karatasi zetu, likaja na njia nyingine, na humo nikakuta vitu viwili nilivyovipenda kama nesi.

Cha kwanza. Lile neno la kufungua mlango lipo, na halishindwi. Ila likitamkwa linapiga kishindo kinachosikika mpaka karibu mita 90. Umeona hapo? Mlango umefunguka, na mbwa wote wameamka. Mnyatiaji akifungua kwa mikono yake huenda akashindwa, lakini akifaulu hakuna anayejua. Kwa hiyo swali siyo nani ana nguvu zaidi, ni usiku huu tunataka mlango au tunataka kimya. Mjomba alikuwa ameruka kipande hicho wakati wa kututafsiria, sijui dagaa walikuwa wamemchosha!

Cha pili. Maneno mengi makubwa yanahitaji kushikiliwa kwa akili, na huwezi kushikilia mawili kwa pamoja. Ukiwa umemwinua mtu hewani, huwezi wakati huo huo kushikilia neno jingine la namna hiyo, na ukipigwa unaweza kuliachia. Sisi wa hospitali hili hatuhitaji kuelezwa. Daktari akishavaa glavu na kuanza kupasua, ni mkubwa kuliko sisi wote mle ndani, na hawezi hata kujifuta jasho. Anafutwa. Anapewa mkasi mkononi. Ukubwa wake wote unategemea kwamba kuna mtu amesimama pembeni.

Nikawa na nusu ya jibu. Nusu nyingine aliileta bibi yao, mama mkwe wangu, na kwanza aliileta kwa ugomvi.

Bibi alikuja kutusalimia, akasikia mtoto anatamka neno na moto unawaka. Akauliza, "Mnafundisha wajukuu zangu uchawi?" Ndiyo maana nawaambia hatukulitumia lile jina. Kwetu mchawi si mzee mwenye kofia ndefu kama kwenye katuni. Kwetu hilo neno linaweza kumtoa mwanamke mzee nyumbani kwake. Sikumbishia Bibi, hofu yake ina sababu. Nilimweka akae asikilize jioni moja. Na nilimwambia kanuni moja niliyoiweka toka siku ya kwanza, ambayo kwenye karatasi za Wamarekani haipo: kwetu hakuna neno linaloponya ugonjwa. Mtu kwenye hadithi akipata homa anapelekwa zahanati, anapimwa, anapewa dawa, na dozi anaimaliza. Mimi nimepokea watoto wa degedege walioletwa wamechelewa kwa sababu walizungushwa kwanza kwa mtu wa maneno. Degedege mara nyingi ni homa kali, na huku kwetu mara nyingi nyuma yake kuna malaria. Mtoto wangu hatajifunza mezani kwangu kwamba kuna neno la kuitibu.

Bibi akasikiliza, akapoa. Halafu akasema kitu. Akasema, "Mbona huyo mtu wenu hana masharti?"

Masharti gani, Bibi?

Akasema kwenye hadithi alizokua nazo hakuna mwenye nguvu za namna hiyo asiye na masharti. Usigeuke nyuma. Usile chakula fulani. Usimwambie mtu jina lake. Akikosea, nguvu zimekwisha. Nikakumbuka hata Fumo Liyongo tuliyemsoma sekondari, shujaa wa pwani ambaye silaha haikumpata, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyempiga ni mtoto wake wa kumzaa. Na Bibi akamalizia na ule msemo tunaoujua wote: mganga hajigangi.

Nikaruka pale nilipokaa. Mganga hajigangi! Miaka yote nausikia, sijawahi kuuona kama kanuni ya mchezo. Maneno ya Mwenye Maneno hayamfanyii kazi yeye mwenyewe. Anaweza kumpaisha mwenzake, yeye hawezi kupaa. Anaweza kumkinga mwenzake na mshale, yeye lazima akae nyuma ya ngao ya mtu. Mkubwa sijampunguzia neno hata moja. Matano yake yako pale pale. Ila sasa anahitaji watu.

Safari hii sikuamua katikati ya mchezo. Nilimweka Mkubwa chini mchana, nikamweleza, nikamuuliza unaonaje. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo mimi nitavukaje mto?" Nikamwambia sijui, jioni tutaona. Akatabasamu. Nyie mnaohofia kwamba mtoto hodari atachukia masharti, wangu aliyapenda, kwa sababu sasa ana fumbo la kufikiri, zamani alikuwa na orodha tu.

Na jioni hiyo nikawarudisha Mto Mara. Mto ule ule, maji ya chai, magogo yale yale. Nikamwita mtoto wa dada mara mbili. Akaja, akakaa karibu na mlango.

Mkubwa akaanza. Neno la kutuliza wanyama, kwa mamba. Nikamwambia sawa, wametulia, ila ni la kushikilia kwa akili. Ukiangalia pembeni tu, limekatika. Na wewe mwenyewe uko ng'ambo ya huku. Kimya. Binti akasema yeye atatangulia kutafuta mawe ya kukanyagia. Akachomoa, 6. Ameteleza, yuko ndani ya maji mpaka kiunoni.

Mtoto wa dada akauliza kutoka mlangoni, "Mama mdogo, hapo ng'ombe wanakunywa?"

Nikasema, wanakunywa, ndiyo.

"Wakishakunywa wanarudi walikotoka, au wanatokea ng'ambo?"

Sikuwa nimefikiria. Nikasema wanatokea ng'ambo.

"Basi nafuata kwato zao. Ng'ombe wakivuka hawavukii penye kina, na hawavukii penye tope jeusi, wanavukia penye changarawe. Nambeba huyu mgongoni ili asiache kuwaangalia mamba. Na fimbo natanguliza mbele, napima kila hatua, sinyanyui mguu kabla fimbo haijagusa chini."

Akanyoosha mkono kuchukua kopo achomoe. Nikalitoa kopo. Nikamwambia, hapana, wewe huchomoi. Umevuka.

Akaniangalia kama siku ile ya upanga. Akitafuta kama namwonea huruma. Nikamwambia, Mkubwa akisoma neno kwenye karatasi hachomoi kwa sababu limeandikwa. Wewe umenieleza kwato, changarawe na fimbo. Hilo nalo limeandikwa, ila si kwenye karatasi. Mkubwa akadakia, "Mama, kweli, mimi nisingejua habari ya changarawe." Binti akasema, "Na mimi nimo ndani ya maji bado, mnitoe!"

Hiyo ndiyo kanuni yetu ya pili, na hii ndiyo ninayoitetea zaidi hata kuliko masharti. Shida ya mwenye maneno kwenye mchezo huu si moto wala kupaa. Ni kwamba uwezo wake umeorodheshwa na uwezo wa wenzake haujaorodheshwa. Yeye ana karatasi tatu za mambo ambayo msimulizi hawezi kuyakataa. Mpiganaji ana mkono na upanga, mengine yote anaomba ruhusa. Wenye mchezo wamehangaika kumpunguzia mmoja au kumwongezea mwingine, na mimi nimehangaika hivyo hivyo. Kwa meza ya nyumbani, yenye watoto wa umri tofauti, ninasema hivi: jambo ambalo mtoto anaweza kulieleza jinsi linavyofanyika kweli, hatua kwa hatua, lihesabike sawa na neno. Asichomoe. Binti yangu anajua kusuka nywele, kwa hiyo kamba yake kwenye hadithi haikatiki, kwa sababu alinieleza jinsi ya kusuka nyuzi tatu kisha kuzirudia. Mtoto wa jirani aliyekuja Jumamosi ni wa fundi baiskeli. Mngesikia alivyoutengeneza mkokoteni.

Kuna watakaosema hapo unafungua mlango wa ujanja, kila mtoto atajieleza ashinde. Watajaribu, ndiyo. Mkubwa alijaribu kunieleza jinsi ya kufua chuma. Nikamuuliza maswali mawili akakwama, akachomoa kama watu wote. Mzazi ndiye unayeamua, na unawajua wanao. Nikiwa sijui mimi mwenyewe, kama ile ya ng'ombe, namuuliza Bibi au baba yao. Hiyo nayo imewaleta watu wazima mezani ambao zamani walikuwa wanapita tu wakielekea kulala.

Jambo moja dogo la mwisho kwa mtakaojaribu, maana litawakuta. Mwenye maneno akishatumia maneno yake yote atasema "tulale", ili yarudi. Mkubwa alikuwa analaza kundi zima saa nne asubuhi! Usimkatalie. Mwambie sawa, laleni. Lakini hadithi isilale. Jua linazama, maji yanapanda, mateka waliokuja kumwokoa wamehamishwa. Wodini mimi naweza kupumzika dakika kumi, homa ya mgonjwa haipumziki na mimi. Akishaona mara moja, ataanza kuhesabu maneno yake mwenyewe na kuwauliza wenzake, "Hili mnaliweza bila mimi?" Wangu anauliza hivyo siku hizi.

Nilihesabu tena juzi kwenye lile daftari. Mkubwa 11, binti 9, mtoto wa dada 8. Sitaki ziwe sawa sawa, kila jioni ina mwenyewe. Na msidhani yamekwisha. Bado kuna siku mtoto wa dada anachelewa na mbuzi wake, na ninamwacha, nasimulia nikiwa nimeweka kizibo chake mezani.

Sasa wamefika ngazi ya tano. Mkubwa anadai neno lake la mpira wa moto, limeandikwa, ni haki yake, amenionyesha ukurasa. Mita sita kila upande, na mpiganaji wetu siku zote yuko mbele, katikati ya maadui. Nimemwambia Mkubwa kabla sijampa, akakae na mwenzake wapange atakuwa anamwashiria vipi apishe. Wamekaa nje tangu saa kumi na moja, wanapigiana miluzi. Bibi anauliza kuna mbuzi gani kapotea.